Rili Mbili, Mashua Moja

Kila siku nikirudi kutoka shuleni nilikuwa nakula skonzi iliyobaki asubuhi, kisha naenda uani kwa Babu Hoyt kufanya mazoezi ya kurusha chambo. Babu alilaza tairi kuukuu kwenye majani, nami nilisimama hatua ishirini kutoka pale nikijaribu kukitumbukiza chambo katikati. Baada ya miaka miwili, kila nikirusha mara kumi, mara saba kiliingia. Wenzangu wengi hapa Alabama hucheza mpira. Mimi nilikuwa kwenye timu ya shule ya kuvua samaki aitwaye besi, na sikutaka mchezo mwingine.

Mwezi wa Januari binamu yangu Ansley alihamia kwetu kutoka Atlanta. Mwalimu wa timu, Bwana Tidwell, alimweka kwenye mashua yangu, maana kila mashua hubeba watoto wawili na nahodha mmoja mtu mzima. Nahodha wetu alikuwa Babu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji nilijiona nimeanza kuugua.

Wiki moja kabla ya mashindano ya Ziwa Guntersville, Babu alituita kwenye kibanda chake cha vifaa. Mezani palikuwa na rili mbili, vile vyombo vya kukunjia uzi vinavyofungwa kwenye ufito wa kuvulia. Moja ilikuwa mpya, nyekundu, inang'aa. Nyingine ilikuwa ya marehemu Bibi Opal. Rangi yake ilikuwa imechubuka, na ubavuni ilikuwa na herufi O ambayo Bibi aliikwangua mwenyewe kwa ncha ya kisu.

"Raelynn, hii ya Bibi utatumia wewe," Babu alisema. "Ansley, chukua hiyo nyekundu."

"Kwa nini yeye ndiye apewe mpya?" niliuliza.

"Mimi sikuangalia upya, niliangalia gia. Ya Bibi ni gia ya tano. Ukizungusha mpini mara moja, bobini ya uzi inazunguka mara tano. Haina haraka, lakini ina nguvu. Wewe unatumia chambo cha kuzamia, na ule ulimi wake wa plastiki unavyochimba maji, ni kama unavuta ndoo. Nyekundu ni gia ya nane, inakunja uzi upesi. Ansley anaburuza mnyoo wa plastiki chini ya ziwa. Besi akishaumeza, mara nyingine anamkimbilia mvuvi mwenyewe. Uzi ukilegea hapo, samaki kwaheri."

Nilisikia, ila sikutaka kuelewa. Macho yangu yalikuwa kwenye ile nyekundu. Nasema kweli, wivu ulinichoma. Miaka miwili nimelirushia tairi jua na mvua, halafu aliyekuja juzi ndiye anapewa kitu kipya! Hata kusema kwake "Asante, Babu" kuliniudhi. Jioni ile mezani nilihesabu mpaka vipande vya soseji alivyowekewa. Vilikuwa vitatu kama vyangu, lakini nilijiambia vyake ni vinene.

Siku ya mashindano mashua sitini zilijipanga ziwani alfajiri. Kila mashua ingeleta samaki watano, wapimwe pamoja, na mashua kumi za kwanza ndizo zingekwenda kwenye mashindano ya jimbo zima. Nilikuwa nimeiota nafasi hiyo tangu darasa la tano.

Babu alipokwenda kuegesha gari, nilimgeukia Ansley.

"Babu kasema leo tubadilishane rili."

"Kweli?"

"Sasa we unaona nakudanganya?"

Ansley aliipokea rili ya Bibi kwa mikono miwili, akatabasamu. Nikamcheka moyoni kwamba mtoto wa mjini hajui hata anachoporwa.

Babu alirudi namba yetu ikiitwa. Aliangalia mkononi mwangu, akaangalia mkononi mwa Ansley, akafungua mdomo, akaufunga. Kanuni za siku ile zilikuwa wazi: mashua ikishaitwa namba, nahodha haruhusiwi kufundisha hata neno moja mpaka samaki wapimwe. Alishusha kofia usoni na kuanza kutafuna mbegu zake za alizeti.

Ndoo aliyoisema Babu niliifahamu kabla ya saa tatu. Mpini ulikuwa mzito mpaka kiganja kikavimba. Nikijitahidi kuzungusha polepole, bado chambo kilikimbia mno, na samaki hawakukigusa. Kufika saa sita nilikuwa na besi mmoja mdogo. Ansley alikuwa na watatu wa kuridhisha. Samaki wote walikuwa kwenye tangi moja, ni wa mashua yetu, lakini mimi nilinuna kama niliyeibiwa.

Baada ya chakula ufito wa Ansley ulipinda ghafla. "Mkubwa huyu!" alisema. Besi alisimama kidogo, kisha akageuka na kuja moja kwa moja kwenye mashua. Ansley alizungusha mpini kwa nguvu zake zote, lakini rili ya Bibi haikujua haraka. Uzi ukalegea. Samaki akaruka juu, akatikisa kichwa, ndoana ikachomoka. Alikuwa na pauni sita, labda saba.

Kwa nukta moja nilifurahi. Nayaandika haya kwa aibu.

Ansley aliketi chini akalia. "Ni kosa langu. Nisamehe, Raelynn. Nimekuharibia safari yako."

Safari yako, alisema. Furaha yangu ikaisha pale pale. Yule samaki alikuwa wangu pia. Nilimwangalia Babu, naye alikuwa anaangalia maji tu.

"Si kosa lako," nilisema. "Babu hakusema tubadilishane. Nilikudanganya. Niliitaka nyekundu."

Ansley alifuta pua kwa mkono. "Mimi nilidhani umenipa kwa sababu ni ya Bibi. Wewe ulikaa naye siku zote. Mimi nilimwona Krismasi tu. Siku ile kibandani niliitamani hiyo yako, nikaona haya kuiomba. Leo uliponipa, nikasema kumbe Raelynn ananipenda."

Nilimrudishia rili nyekundu, nikaifunga ya Bibi kwenye ufito wangu. Zilibaki karibu saa mbili. Mpini ukawa mwepesi, chambo kikazama mpaka nikasikia kinagonga mawe chini. Nilivua besi wawili wazuri, tukamrudisha majini yule mdogo. Tukatimiza watano.

Samaki wetu walipata pauni kumi na nne na nusu. Mashua ya kumi ilipata kumi na sita. Sisi tulikuwa wa kumi na moja.

Bwana Tidwell alitujia. "Nini kilitokea?"

"Samaki mkubwa alinitoka, Mwalimu," Ansley alisema upesi.

"Alimtoka kwa sababu yangu," nilisema, na nikamweleza yote. Mwalimu alisema mwezi ule nitaosha mashua zote za timu. Nikajibu sawa.

Babu alisubiri mpaka tumeketi nyuma ya gari lake dogo la mizigo. "Saa nane nzima nimeuma ulimi," alisema. "Nusura niumeze." Ansley akacheka, nami nikacheka, halafu nikalia.

"Babu, Ansley aichukue rili ya Bibi," nilisema. "Mimi utanitafutia nyingine ya gia ya tano, hata iwe ya zamani namna gani."

Ansley aliisugua ile herufi O kwa kidole gumba. "Lakini kuvua kwa chambo cha kuzamia utanifundisha wewe," aliniambia.

Babu alitema ganda la mbegu. "Raelynn, njia ya mwongo ni fupi, na yako leo imeishia kwenye mzani. Ule mzani uliuliza samaki huyu ni wa nani?"

"Hapana, Babu."

"Basi kumbuka. Uliyepanda naye mashua moja, ukitoboa upande wake ili azame, maji hayakai upande wake."