Dirisha Lililofungwa Juu Chini

Msusi alikuwa akipaka rangi ya mdomo mbele ya kioo kikubwa katikati ya soko, watu wakimpita kwa viwiko, ndipo kioo kikaanza kuondoka.

"Dada, mwenzio niko kazini," alisema kijana aliyekibeba. Alivaa jinzi ya kubana na miwani ya jua juu ya kichwa, na manukato yake yalifika kabla yake. Aliitwa Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe.

"Simama basi, bado mdomo wa chini!"

Akasimama. Wanaume wa aina hii husimama upesi wakiona sura nzuri. Punde si punde wakawa wapenzi, na saluni ya msusi ikapata dirisha jipya la vioo viwili vilivyobanwa pamoja, la kuzuia kelele za barabarani. Mtaalamu alilifunga mwenyewe, akipiga mluzi na kuwakonyeza wateja.

Mvua zilipoanza, ukungu ukaingia katikati ya vioo. Msusi akafuta ndani, akafuta nje, wapi! Kitambaa hakifiki huko. Akampigia simu.

"Mpenzi, dirisha lako linalia."

"Ni mvuke wako, malaika wangu. Unachemsha maji mno. Na hao wateja wako wanavyoongea, pumzi zote ziende wapi?"

Naye, kwa kupenda kijinga, akaamini. Akawa anaosha nywele za watu kwa maji baridi, wakamhama mmoja mmoja kwenda saluni ya jirani.

Siku moja ya mvua alisimama kibarazani, hana wa kumsuka, akatazama dirisha la jirani. Maji yalichuruzika kutoka kwenye vitundu vya chini ya fremu. Akatazama lake. Vitundu vilikuwa juu. Maji yalituama ndani ya fremu, yakala gundi inayoshika vioo, unyevu ukapenya.

"Umenikumbuka, kipenzi?" Mtaalamu aliitikia simu.

"Vitundu viko juu."

"Aa... hiyo ni staili mpya, mpenzi."

"Nimefukuza wateja kwa ajili ya staili? Usinipigie tena mpaka uwaambie wao kosa ni la nani."

Akanuna, bingwa wa mluzi. Akawaambia rafiki zake kwamba wanawake hawana shukrani. Na kosa alilijua zamani! Aliona aibu tu kuling'oa dirisha alifunge upya mbele ya watu, akaona heri aibu ipelekwe kwa mpenzi wake.

Lakini bila yule mwanamke hakulala, hakula, mluzi ukamkauka. Jumamosi akaingia saluni ya jirani, kioo kipya kwapani.

"Mama zangu, dada zangu, dirisha la mwenzenu nililifunga juu chini. Nilijua, nikamsingizia mvuke."

Wakacheka mpaka povu likawaingia machoni.

"Miwani hiyo ya kichwani, mwanangu," alisema mama mmoja, "ungeishusha machoni, labda ungeviona vitundu."

Akaligeuza dirisha hadharani, akabadilisha kioo, shati limemganda kwa jasho, manukato yote yamekwisha. Msusi alisimama ndani, mikono kiunoni.

"Unaniona?" Mtaalamu aliuliza kutoka nje.

"Vizuri kabisa. Hupendezi hata kidogo."

"Nioe basi hivyo hivyo... yaani, nikuoe."

Mwenye akili timamu angevuta pazia. Huyu bado alimpenda. Akaenda kubandika maji, akamfungulia mlango.

"Ingia uoshe nywele za watu, wanarudi. Ndoa tutaizungumza ukishajua juu ni wapi na chini ni wapi."