Injini ya Natale

Giza lilikuwa linaanza kuingia Afedra alipotoka Awindiri kupeleka sukari Koboko, kwenye maombi ya kumkumbuka marehemu Natale. Afedra alikuwa fundi wa magari na mchekeshaji wa misiba. Mtu akifa, yeye huwachekesha wafiwa kabla chai haijachemka.

Leo mdomo ulikuwa mzito.

Natale alifia ndani ya Daihatsu Boon yake, hapo baada ya Manibe. Ndugu walipokwenda kuzika, waliliacha gari lililopondeka gerejini kwa Afedra. Naye Afedra alikuwa na Passo iliyokufa injini. Sasa, nani asiyejua? Passo ni Toyota, Boon ni Daihatsu, lakini hao ni dada wa tumbo moja. Injini ya huyu inaingia kwa yule kama shemeji aliyezoea jiko. Akaihamisha.

Ndugu waliporudi kuichukua roho ya Natale, maana roho ya aliyefia garini hubaki humo hadi iitwe nyumbani, aliwaambia injini ilipasuka, ameitupa. Wakaizunguka bodi tupu wakiwa na majani mabichi mikononi, wakamwita kwa jina, wakaivuta hadi Koboko. Katika kuitikia amina, hakuna aliyemshinda Afedra kwa sauti.

Sasa, alipoipita Manibe ndani ya Passo hiyo, harufu ikaingia...

Angara. Samaki mkavu aliyekuwa akiuzwa na Natale. Passo haikuwahi kubeba hata mmoja.

Akashusha vioo. Harufu ikazidi. Chini ya boneti kitu kikakohoa... kikatulia... kikakohoa tena.

"Plagi tu," akajinong'oneza. Fundi akianza kujidanganya, gari litamwamini nani?

Alipofika Koboko alikusudia kuegesha mbali, amalizie kwa miguu. Usukani ukakataa. Ukageuka wenyewe, taratibu, ukashika kijia cha kwa marehemu. Langoni injini ikashusha sauti, kama baba asiyetaka kumwamsha mtoto.

Stella Kiden, mjane, akatoka na taa. Hakumtazama Afedra. Aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho.

"Mama Sandra," Afedra akanong'ona, "ni mimi. Fundi."

"Tuliita yeye kwa mabati ya gari, fundi. Hakukuja. Sandra kila siku iko nauliza baba."

Afedra akazima, akachomoa ufunguo.

Injini ikaendelea kunguruma.

Ndipo akamwaga yote: wizi, uongo, ile amina. Akalia hadi kamasi. Akaomba waing'oe injini hapo hapo, wachukue hata gari lenyewe.

Stella alimsikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Mimi nasamehe wewe. Lakini si mimi iko ndani."

Tak.

Milango yote ikajifunga. Gia ikahama bila mkono. Gari likaanza kurudi nyuma, polepole, kuelekea barabara ya Manibe, alikofia Natale. Stella akalifuata, kiganja hakijabanduka kwenye boneti, akibembeleza kama amwombeaye mgeni kwa mumewe.

"Baba Sandra... wacha. Huyu pia iko na watoto."

Gari likasimama.

Injini ikanguruma chini chini, kama mtu anayefikiria.

Kisha taa za mbele zikazimika, milango ikiwa bado imefungwa.