Jibu la Jokha

Kila Jumamosi asubuhi Siham na mama yake walikwenda sokoni Walthamstow, London, kununua mboga na samaki, kisha wakarudi nyumbani kufua na kufagia. Jumamosi moja ya mwaka 1998 walirudi mapema zaidi. Wageni walikuwa wanakuja kupanga mahari ya dada yake, Jokha.

Saa nane mchana wazee walikuwa wamekaa sebuleni. Mzee Matar, ami yake bwana harusi, alieleza kwa upole kwamba kijana wao, Munir, amepata kazi Maskati. Wangependa Jokha aondoke naye mara baada ya harusi. Kwa mahari, waliahidi seti ya dhahabu.

Baba yake Siham, Bwana Mbarouk, aligeuka. "Siham, mwanangu, kamuulize dada yako anataka nini. Mahari ni haki yake."

Siham, msichana wa miaka kumi na miwili, alipanda ngazi. Alimkuta Jokha kitandani, vitabu vya uuguzi vimemzunguka.

"Waambie sitaki dhahabu," Jokha alisema. "Nataka nimalize masomo yangu hapa London, miaka miwili iliyobaki. Hilo ndilo sharti langu, na liandikwe."

"Na wakikataa?"

"Wewe kaseme tu."

Siham alishuka polepole. Alikuwa ameisubiri harusi hii kwa miezi mingi, na gauni lake lilikwisha kushonwa. Itakuwaje wageni wakikasirika na kuondoka? Alipofika mbele yao, akasema, "Anaridhika na chochote mtakachoamua."

"Alhamdulillahi!" alisema Mzee Matar. Baba akaandika tarehe ya safari. Wazee wakainua mikono ili wasome Fatiha na kulifunga jambo lile.

Siham alimfikiria Jokha kule juu, akiamini kwamba neno lake limefika.

"Baba, ngojeni! Nimesema uongo."

Siham alirudia maneno yote ya dada yake. Baba aliinamisha uso kwa aibu.

Mzee Matar alishusha mikono. "Aitwe mwenyewe," alisema.

Jokha alisimama mlangoni, mtandio kichwani, akalitaja sharti lake. Mzee Matar aliinuka. "Hili ni zito, binti yangu. Siwezi kumjibia Munir."

Wageni wakaondoka bila kusoma Fatiha.

Siku nne zilipita, na hakuna aliyeitaja harusi. Siham alimwomba radhi dada yake. Jokha alimwitikia kwa kichwa tu, akaendelea kusoma. Siku ya tano simu ililia. Munir alitaka kuzungumza na Jokha mwenyewe, na walizungumza kwa muda mrefu.

"Atatangulia peke yake," Jokha alisema alipoweka simu, macho yamemlowa. "Atakuwa anakuja likizo mpaka nimalize."

Jumamosi iliyofuata mapatano yaliandikwa, na sharti la Jokha likawa la kwanza. Wageni walipoondoka, Baba alimwita Siham.

"Nilikukasirikia sana," alisema. "Uliniaibisha mbele za watu. Lakini aibu yangu imekwisha. Kama ungenyamaza, dada yako angeishi na uongo wako miaka mingi. Ukitumwa neno, lifikishe kama ulivyopewa, hata ukiogopa. Na ukikosea, sema kweli mapema, kabla mwenzio hajaumia."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe. Ila kumbuka, mwanangu: jibu lile halikuwa lako kulibadilisha. Lilikuwa la Jokha."