Nipokee Kidogo

Yule mwanamke alikuwa mkavu. Mathilde aliliona jambo hilo na akalipuuza, kwa sababu alikuwa na haraka, tena alikuwa amekasirika. Umande ulikuwa umemlowesha yeye na mumewe Faradji mpaka magotini, na nyasi za pande zote mbili za njia zilikuwa zinadondosha maji. Lakini mwanamke aliyesimama katikati ya njia, kitunga mgongoni na mkanda wake umembana kipajini, alikuwa na kitenge kikavu hadi kwenye pindo.

"Mama, nipokee kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Shingo iko inaniuma. Mpaka kwa muto tu."

Njia ya kutoka Wamaza kwenda Kabambare ina adabu zake. Ukiombwa kupokea mzigo, unapokea. Ila kwanza unauliza mambo mawili: mzigo ni wa nani, na unakwenda wapi. Ukishajibiwa ndipo unageuza mgongo. Watoto wa huko wanafundishwa hivyo kabla hawajajua kusoma, na Mathilde alifundishwa na mama yake mzazi. Asubuhi ile hakuuliza kitu. Alijifunga mkanda kipajini na kuondoka mbio, kwa sababu mama yake huyo huyo alikuwa maiti huko Kabambare, na anazikwa saa tisa.

Habari ilikuwa imemkuta Kasongo juzi. Mdogo wake Fifi alipiga simu huku analia. "Dada, tutakungojea mpaka kesho kutwa, saa tisa. Kupita pale hatuwezi. Joto iko mingi." Mathilde aliomba jambo moja tu, auone uso wa mama kabla kifuniko hakijapigwa misumari. Faradji, ambaye kazi yake ni kubeba abiria kwa pikipiki, aliapa kwamba watafika mapema na kupumzika. Pikipiki ikawafia kabla ya Wamaza. Mnyororo ulikatika, na mnyororo wa akiba ulikuwa Kasongo, juu ya kabati, ndani ya karatasi yake. Tangu hapo Mathilde alikuwa hamsemeshi, isipokuwa kumwambia aongeze mwendo.

Walifika mtoni saa mbili. Njia nzima Mathilde alikuwa anamsikia yule mwanamke akihema nyuma ya sikio lake. Aligeuka amrudishie kitunga chake, akamkuta Faradji peke yake.

"Amebakia wapi?"

"Nani?"

"Mwenye kitunga! Alikuwa nyuma yangu, nilikuwa namusikia."

"Nyuma yako nilikuwa miye," alisema Faradji. "Ule mama sikumuona tangu tulipoondoka."

Walingoja. Mathilde alipiga kelele kuita, akatukana kidogo, akaangalia jua, akatukana tena. Mwishowe alikitua kitunga juu ya jiwe na Faradji akaondoa majani yaliyokifunika. Kilikuwa kitupu. Ndani hamkuwa na hata punje ya mahindi, ila harufu tu, ya kamba iliyolowa na jasho la zamani.

"Basi kibakie pale," alisema Mathilde. Wakavuka juu ya magogo mawili yaliyokuwa daraja. Upande wa pili alipeleka mkono kipajini alegeze mkanda, na mkanda haukuwepo, kwa sababu alikuwa ameuvua. Uzito ulikuwepo. Ulikuwa umekaa pale pale, kati ya mabega, ukiivuta shingo yake nyuma.

Hakumwambia mumewe. Bado alikuwa amemkasirikia.

Saa nne walikutana na wachimbaji dhahabu wawili waliokuwa wanatoka Lusangi, makarai kichwani. "Kabambare?" alisema mmoja. "Ni karibu, mama. Masaa mbili tu." Walitembea masaa mawili, wakafika mtoni. Palikuwa na magogo mawili na jiwe, na kitunga juu ya jiwe, na majani yake pembeni.

"Tumepotea," alisema Faradji.

"Tumepotea wapi? Njia iko moja! Ulishaona njia ingine hapa?"

Wakavuka tena. Mbele kidogo mwanamke aliyekuwa anamenya mihogo nje ya nyumba yake aliwaambia bila kuinua macho kwamba Kabambare ni saa moja tu. Mathilde alitamani kumrushia kiatu. Walikwenda hiyo saa moja kwa mwendo wa kukimbia, vumbi mdomoni, visigino vinachubuka, na uzito ukawa unaongezeka, na nyuma yake akaanza kusikia nyayo ambazo si za mtu mmoja wala wawili, nyayo nyingi za watu wasio na viatu, zinazoburuzwa, zinazosimama anaposimama na kuanza anapoanza, na kila alipogeuka aliona njia tupu na mumewe anayefuta jasho, na alipotazama mbele tena, akiomba aone bati moja tu, bati moja la nyumba yoyote ya Kabambare, aliona maji yanang'aa kati ya miti, na magogo mawili, na jiwe.

Alikaa chini akalia kwa hasira. Alilia kwa sauti na kupiga ardhi kwa viganja. Saa saba ilikuwa imepita.

Faradji alichuchumaa mbele yake, akanong'ona, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Estelle. Ulimuuliza mzigo ni ya nani?"

"Sikumuuliza."

"Unaenda wapi?"

"Sikumuuliza, nimekuambia! Nilikuwa na haraka. Kama pikipiki yako ingekuwa na mnyororo, ningekuwa hapa?"

Faradji alitazama nyuma kabla ya kusema. "Wazee wetu wa Kasongo wanasemaka, zamani kwa hii njia walipitishaka watu na meno ya tembo. Mwenye kuanguka, walimuacha. Mzigo yake ikabakia bila mutu, na jini ikaingia mule. Haiue. Inataka tu ibebwe. Lakini mwenye kuibeba hafikake, mpaka mutu mwengine amupokee."

Mathilde aliacha kulia. Alimtazama mumewe. Mabega yale yalizoea magunia ya chumvi na magodoro ya watu, na kila siku yalibeba mizigo ya wageni kwa malipo. Alingoja aseme neno moja, lete. Faradji alikuwa anatazama maji. Alitazama kwa muda mrefu, halafu akasimama na kukung'uta suruali.

"Tuende," alisema.

Mathilde alimchukia pale pale. Aliinuka bila kupewa mkono, akavuka kwa mara ya tatu, na safari hii hakuuliza mtu njia wala hakukimbia. Alikwenda tu, kwa sababu kukaa kungekuwa kukubali.

Ilikuwa yapata saa nane, jua kali, wakati mama yake alipotokea kwenye kona.

Alikuja kutoka mbele, kama alivyokuwa anakuja kila mara binti yake akitoka Kasongo, mpaka kwenye migomba ya mwisho, mikono imenyooshwa tayari. Alivaa blauzi yake ya Jumapili. Nyasi alizozikanyaga hazikulala.

"Lete," alisema. "Lete, mwanangu, umechoka."

Shingo ya Mathilde iliinama yenyewe. Ilikuwa imefanya hivyo miaka yote. Vidole baridi vilipita chini ya kitu kisichoonekana, vikakiinua, na uzito ukamtoka mgongoni, akahema kwa raha.

"Aksanti, mama," alisema. Ndipo akakumbuka.

"Uko nasema na nani?" aliuliza Faradji nyuma yake. Njia ilikuwa tupu. Na baada ya kona, mbele kabisa ya macho yao, palikuwa na mabati ya Kabambare.

Alikuta jeneza bado liko wazi. Aliuona uso wa mama, kama alivyoomba. Kipajini, kutoka sikio hadi sikio, palikuwa na mstari mwekundu, mpana kama vidole viwili, ngozi imechubuka.

"Ile alama haikukuwa pale asubuhi," alinong'ona Fifi. "Nilimuosha miye mwenyewe, dada. Haikukuwa."

Kifuniko kilipigwa misumari, na wanaume sita wakainama. Jeneza halikuinuka. Waliongezeka wakawa kumi, likainuka, mbao zikalia, na msafara ukaondoka kwenda makaburini nyuma ya kanisa, mwendo wa wimbo mmoja. Waliumaliza wimbo. Wakauanza tena, wakaumaliza. Uzio wa makaburi ulikuwa pale pale mbele yao, na lango lake, na msalaba wa chuma, haukusogea hata kidogo, na wanaume walikuwa wanabadilishana mabega na kutazamana, jasho linawaingia machoni, na katekista aliangalia saa yake, akaitikisa, akaiangalia tena, na wanawake wakaanza kuimba kwa sauti za kutetemeka kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshaona kwamba mti wa mapapai wanaoupita ndio ule waliokwisha kuupita.

"Mama anakatala kwenda," alisema mtu.

"Hakatale," alisema Mathilde.

Aliwasukuma wanaume, akaingia chini ya jeneza, akaegemeza mgongo wake kwenye mbao. Alikuwa amechoka, alikuwa na hasira, na alimpenda mama yake kuliko miguu yake.

"Mama, lete," alisema polepole. "Ni yangu."

Uzito ulishuka wote kwa pamoja. Magoti yake yaligusa ardhi. Wabebaji waliyumba mbele, karibu wakimbie, kwa jinsi jeneza lilivyokuwa jepesi ghafla, na kabla hajainuka walikuwa wameshaingia langoni, watu wote nyuma yao, wanamshukuru Mungu. Mathilde aliinuka akawafuata. Mti wa mapapai ulikuwa kulia kwake. Alikwenda kwa haraka. Mti wa mapapai ulikuwa kulia kwake.

Fifi alitoka langoni mbio, mikono mbele. "Dada, uko nafanya nini? Wako nashusha! Lete nikupokee hiyo sakoshi, uje."

Mathilde aliukumbatia mkoba wake kifuani na kurudi nyuma. "Usinipokee kitu! Rudi!"

"Dada..."

"Rudi, Fifi. Umuzike mama."

Fifi aligeuka na kurudi huku analia. Langoni alimpita Faradji, ambaye alimtazama mke wake mara moja tu, kisha akaingia pamoja na wengine. Wimbo ulinyamaza. Bonge la kwanza la udongo lilianguka juu ya mbao, na Mathilde alilisikia vizuri, kwa kuwa alikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, akitembea kwa haraka.