Mamanuru wa Kituo cha Vifaranga

Saa moja na nusu asubuhi, akina mama kumi na wawili walikuwa wameketi kwenye benchi la kituo cha watoto cha Vifaranga, jijini Dodoma, wakitabasamu na kupunga mikono. Hakuna hata mmoja aliyekuwapo. Wenyewe walishapanda treni ya angani, na wengine walikuwa ofisini wakinywa chai.

Waliokaa pale ni mamanuru, taswira za mwanga zilizomiminwa na mirija ya darini. Kipimakilio kilichofichwa ukutani kilisikiliza pumzi za kila mtoto. Akishatulia, mama yake alififia taratibu hadi nafasi yake ikabaki tupu. Tangu mtambo usimikwe, miezi miwili sasa, hakuna mtoto aliyelia mlangoni.

Aliyeubuni ni mhandisi Tunsume, ambaye mwanawe wa miaka mitatu, Ipyana, alikuwa akimganda mguuni kama kupe kila asubuhi alipomwacha kituoni. Lakini tusimsifu sana. Mama gani hajawahi kumwonyesha mtoto ndege dirishani, kisha akachomoka? Tunsume aliutia umeme ujanja uleule.

Jioni moja alipokwenda kumchukua, Ipyana alisimama mbali akimtazama. Kisha akasogea, akamchoma tumbo kwa kidole. Kidole kilipogota, ndipo akamkumbatia.

"Anafanya nini?" Tunsume akauliza.

"Siku hizi wote hufanya hivyo, Mama Ipyana," alisema Mwalimu Nyemo, huku akimfunga mtoto mwingine kamba za viatu. "Wanahakikisha kama mama ni wa kweli."

Tunsume aliona aibu, kisha akaumia. Mwanawe hakuwa na uhakika naye.

"Kesho zima mamanuru wangu, Mwalimu."

"Atalia."

"Najua."

"Sawa. Ila usimtoroke. Muage, mwambie utarudi lini, uondoke. Nikikukuta unachungulia dirishani, nitakufukuza."

Asubuhi yake Tunsume alichuchumaa mbele ya mwanawe. "Mama anaenda kazini. Ukishakunywa uji wa jioni, nakuja."

"Usiende."

"Naenda, mwanangu. Na nitarudi."

Ipyana aliangua kilio ambacho kipimakilio hakikuwahi kukisikia. Mtambo ukachanganyikiwa, mamanuru wote kumi na mmoja wakainuka na kumpungia mkono kwa pamoja. Tunsume aliondoka bila kugeuka, machozi yakimtoka njia nzima.

Dakika nne baadaye Mwalimu Nyemo alimtumia ujumbe: "Ametulia. Anagombania gari. Wewe je?"

"Mimi bado," akajibu.

Jioni wazazi walisimama langoni wakisubiri kuchomwa kwa vidole, mmoja baada ya mwingine. Ipyana alitoka mbio, uji umemkauka kidevuni, akamvaa mama yake kwa nguvu hadi mama akaketi chini na mkoba wake.

"Uji nimemaliza kitambo," alilalamika. "Mbona umechelewa?"

Alikuwa amechelewa dakika mbili, na hakuwahi kufurahi hivyo kwa kukaripiwa.