Pini ya Mguu wa Kulia

Jamani, nyumba ninayotaka kuwasimulia haikuwa nyumba ya ugomvi. Haikuwa na mlevi wala mwizi, na majirani walipokosa mfano wa kuwapa watoto wao waliitaja hiyo. Mwenye nyumba alikuwa fundi wa ndege. Kazini walimwita Sikio, kwa sababu aliweza kusimama kando ya injini inayonguruma, akainamisha kichwa, kisha akakwambia ni kitu gani ndani yake kimeanza kuchoka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo, na hakuna ndege iliyopita mikononi mwake ikamtia aibu.

Alhamisi moja mchana alikuwa mapumzikoni. Jua lilikuwa limeingia sebuleni mpaka kwenye mguu wa kochi, na dada yake mkubwa alikuwa ameketi mkekani, akikunja nguo za mtoto mchanga na kuzipanga kwenye begi. Dada huyu ndiye aliyemlea. Wazazi wao walipofariki, yeye alikuwa na miaka kumi na saba na Sikio sita. Akaacha shule, akashika cherehani, na kwa cherehani hiyo akamsomesha mdogo wake mpaka akavaa ovaroli ya ufundi. Sasa binti yake wa pekee alikuwa amejifungua katika mji wa mbali, safari ya siku mbili kwa basi na saa moja tu kwa ndege. Sikio alikuwa amemkatia tiketi ya kesho yake asubuhi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ndege.

“Wifi, hebu nieleze tena,” dada alimwambia mke wa Sikio. “Choo chao kikijaa huko juu wanakimwaga wapi? Isije ikawa ndiyo mvua tunayokinga.”

Mke wa Sikio alicheka mpaka akaweka kikombe chini. “Muulize mdogo wako, ndiye mwenye ndege.”

“Mimi si mwenye ndege,” alisema Sikio. “Mimi nazitibu tu.”

“Basi daktari, niambie ukweli. Hiyo nitakayopanda kesho ni nzima?”

“Nzima, dada. Panda ulale.”

Alijibu haraka mno. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akajaza glasi ya maji, akasimama nayo mkononi bila kuinywa. Mtauliza, maji ya nini kwa mtu asiye na kiu? Basi turudi nyuma wiki saba.

Kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa na jeti tatu ndogo, za abiria hamsini kila moja, zilizounganisha miji ya ndani ya nchi. Ndege za namna hiyo hutua na kuruka mara nyingi kwa siku, na kinachozichosha zaidi ni kutua. Kila mguu wa magurudumu hushikwa na pini ya chuma, nene kama mkono wa mtoto. Kitabu cha matengenezo kilisema pini hiyo itazamwe kwa tochi kila ndege inapotimiza kutua mara elfu mbili. Lakini kwingineko duniani jeti mbili za aina hiyo zilikutwa na nyufa ndani ya pini, mahali ambapo jicho halifiki. Watengenezaji wakaandika barua, na mamlaka ya usafiri wa anga ikaifanya amri: kuanzia sasa pini ichomolewe kabisa, ipimwe kwa kifaa cha mawimbi ya sauti, na ifanyiwe hivyo kila kutua mara mia tano. Ndege zote zikaguliwe ndani ya siku thelathini.

Barua ilipokelewa na karani wa kumbukumbu, mama mmoja mkimya waliyemwita Mama Faili. Naye akaipeleka kwa mkuu wa karakana, ambaye hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja ratiba, na kwa hiyo jina lake likawa Mzee Ratiba.

“Kuchomoa pini ni kazi ya siku mbili kwa kila ndege,” alisema Mzee Ratiba. “Ratiba haina hizo siku. Halafu kitabu chetu kinasema tochi.”

“Kitabu ndicho kinachotakiwa kibadilishwe, mzee. Barua imeletwa kwa ajili hiyo.”

“Kitabadilishwa. Iweke hapo.”

Mama Faili alimpelekea mara tatu kwa jumla, na mara tatu akaambiwa aiweke hapo. Jeti ya kwanza ilipimwa, maana ilikuwa imeegeshwa kwa matengenezo mengine. Ya pili nayo ikapimwa. Ya tatu ndiyo iliyokuwa haikai chini, na kifaa cha kupimia, ambacho kilikuwa cha kuazima, kikarudishwa kwa wenyewe kabla zamu yake haijafika. Siku ya ishirini na nane Mzee Ratiba akamwita Sikio ofisini.

“Pini za ile ya tatu umezitazama?”

“Kwa tochi nimezitazama. Nje ni safi.”

“Basi ni safi. Jaza fomu.”

“Fomu inasema zimechomolewa, mzee. Inasema zimepimwa.”

“Na zitapimwa, ikiingia matengenezo makubwa miezi miwili ijayo. Kwa sasa tufunike kombe mwanaharamu apite. Kwani wewe Sikio, katika ndege hizi kuna kitu kimewahi kukupita?”

Hapo nawaomba mtulie. Mtu huyu hakuhongwa. Hakutishwa kwamba atafukuzwa. Alisifiwa tu, kwa sauti ya chini, na mtu aliyemheshimu. Akatia saini kwamba pini mbili zimechomolewa na kupimwa, ilhali hakuna spana iliyozigusa.

Wiki ya kwanza alihesabu kila mara jeti ile ilipotua. Wiki ya pili alihesabu nusunusu. Baadaye akaacha, kama mtu anavyoacha kusikia saa ya ukutani. Hata hivyo, alipomkatia dada yake tiketi, alipitia kwanza kwenye ubao wa safari kuhakikisha kwamba ndege ya Ijumaa asubuhi ni jeti ya kwanza. Dada za watu wengine walikuwa wakipanda ya tatu kila siku. Hilo hakuliwaza.

Ijumaa saa mbili asubuhi alimsindikiza dada yake mpaka kwenye mlango wa abiria. Dada alikuwa amevaa viatu vipya na begi la nguo za mtoto ameling'ang'ania kifuani kana kwamba mtoto mwenyewe yumo.

“Nikifika nitakupigia,” alisema. “Usipokee kwa sauti ya kazini. Sauti ya kazini siipendi.”

Sikio alizunguka kwa mlango wa wafanyakazi, akatokea uwanjani. Ndege iliyosimama mbele yake ilikuwa ya tatu. Alfajiri gurudumu la jeti ya kwanza lilikutwa limechanika, wakabadilisha ndege.

Abiria walikuwa wanapanda ngazi. Alikuwa na dakika kama kumi na mbili. Angeweza kwenda kwa rubani akasema, pini hazikupimwa. Lakini rubani angeuliza, mbona zimeandikwa kuwa zimepimwa? Na aliyeandika alikuwa nani? Akajiambia ndege hii imetua mara mia mbili na ushei tangu siku ile. Akajiambia leo haina tofauti na jana. Akaenda chini ya bawa la kulia, akawasha tochi, akaitazama pini. Ilikuwa inang'aa. Akaweka kiganja chake juu yake, na chuma kilikuwa baridi, kimetulia, hakisemi kitu.

Rubani msaidizi, binti wa miaka ishirini na kitu, alikuwa anaizunguka ndege kwa ukaguzi wa mwisho. Akamkuta pale ameinama.

“Kuna tatizo, fundi?”

“Hakuna,” alisema Sikio.

Binti akamshukuru, akapanda.

Saa tatu na nusu simu ya ofisini iliita. Sikio alikuwa stoo ya vifaa, akipanga spana ambazo zilikwisha kupangwa. Mama Faili ndiye aliyekuja mlangoni.

“Imetua vibaya,” alisema. “Mguu wa kulia umekatika.”

Magurudumu yalikuwa yamegusa ardhi, pini ikakatika, bawa likaburuzwa kwenye njia ya kutua na mafuta yakashika moto. Watu tisa walikufa. Mmoja wao alikuwa yule binti aliyeuliza kama kuna tatizo. Mwingine alikuwa mwalimu wa hesabu aliyempisha dada yake Sikio kiti cha dirishani, ili mama wa watu aone mawingu. Dada alitolewa akiwa hai. Madaktari wakakata miguu yake yote miwili chini ya magoti.

Sikio alisafiri kwa basi siku mbili kumfuata hospitali. Alimkuta amelala, binti yake ameketi kando ananyonyesha. Mpwa wake alimshika mkono akalia begani kwake, akasema, “Mjomba, asante kwa kuja.” Akaipokea asante hiyo.

Uchunguzi haukuchukua muda. Pini ilipochunguzwa kitaalamu ilionekana kwamba nusu ya ufa ilikuwa ya zamani, imekwisha kushika kutu ndani kwa ndani. Fomu ikatolewa. Mzee Ratiba alisema yeye ni mtu wa mipango tu, waliotia saini waulizwe. Kamba hukatikia pembamba, na ingekatikia kwa Sikio peke yake kama Mama Faili asingeleta nakala zake tatu za barua ile, kila moja na tarehe na muhuri wa kupokelewa. Lakini hata mama huyo alipomaliza kutoa ushahidi hakutoka na furaha. Alisimama kwenye korido akamwambia mke wa Sikio, “Niliishia mlangoni kwake mara tatu. Mlango wa pili ulikuwepo, wa mamlaka, ningeweza kwenda. Sikwenda.”

Wakati kesi inasubiri hukumu, dada aliletwa kukaa nyumbani kwa mdogo wake, kwa kuwa kwa binti yake kulikuwa na ngazi ghorofa tatu. Hakuwa amesimuliwa kila kitu. Sikio ndiye aliyembeba asubuhi kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, na jioni kutoka kwenye kiti mpaka kitandani, kama yeye alivyobebwa zamani akiwa mdogo na homa. Mkewe alikwisha kujua yote mahakamani, akawa anazungumza naye kwa mambo ya lazima tu: dawa, chumvi, mlango. Vicheko vya wifi na wifi vilikwisha.

Mchana mmoja, mke akiwa sokoni, dada alisema bila kumtazama, “Kaa hapa.”

Sikio akaketi.

“Nimesikia redio. Wanasema fundi alijua haikupimwa. Fundi huyo ni wewe?”

“Ni mimi.”

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu siku niliyosaini.”

“Asubuhi ile nilipokuwa napanda, ulijua ni ndege hiyo?”

“Nilijua.”

Dada alishusha pumzi. “Nilikuona kupitia dirishani. Ulikuja mpaka chini ya bawa. Nilimwambia yule mwalimu, yule ni mdogo wangu, anaikagua kwa mkono wake kwa sababu mimi nimo. Akafurahi. Naye alikuwa anaogopa, akaacha kuogopa.”

Sikio aliteremka akapiga magoti sakafuni, akataka kumshika mikono. Dada aliitoa polepole, akaiweka mapajani.

“Ungeniambia tu nishuke. Nisingeuliza kwa nini. Ningeshuka, na ningewaita wote tushuke nao. Ungeaibika, ndiyo. Mimi ningekaa na aibu yako nyumbani kwangu mpaka tufe.” Kisha akasema, “Sasa nitoe hapa. Nipeleke kwa mwanangu. Hizo ngazi watanipandisha wao.”

Alimbeba kwa mara ya mwisho Jumapili iliyofuata, mpaka kwenye gari la mume wa mpwa wake. Dada hakumwekea mkono shingoni.

Hukumu ilikuja wiki mbili baadaye: Mzee Ratiba miaka mitano, Sikio saba, na leseni yake ikafutwa maisha. Mkewe alimtembelea miaka miwili ya mwanzo, kisha akahamia kwa ndugu zake. Nyumba ile sasa imepangishwa. Dada yake amerudia cherehani, ya mkono siku hizi, kwa kuwa ya kukanyaga haiwezi tena. Kila mwezi Sikio humwandikia barua. Hazirudi, wala hazijibiwi.

Funzo

Watu hupenda kusema ajali haina kinga. Semeni hivyo kwa mvua ya mawe. Ajali hii ilikuwa na kinga, nayo ililetwa kwa barua, ikaambiwa “iweke hapo” mara tatu.

Masharti ya kazi yanapobadilishwa, iwe ni ya ndege, ya dawa, ya nguzo za umeme au ya breki za gari la shule, jueni kuna mtu mahali fulani amekwisha kuumia ili sisi tuambiwe mapema. Anayeng'ang'ania kitabu cha zamani kwa sababu kinampunguzia kazi anawataka wengine waumie tena ili aamini. Na wewe unayeshika kalamu, usiandike umefanya usilofanya, hata anayekuomba akikusifu namna gani. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, mbele ya yeyote, maana aibu unayoikimbia huwa ndogo kuliko kaburi.

Na tusiwe watu wa kuchagulia ndugu zetu ndege nzima huku mbovu tukiwaachia wa wenzetu. Katika viti hamsini vya jeti ile hakukuwa na hata kimoja cha mtu asiye na mwenyewe.