Mistari Miwili Imebadilika

Kifumaini kilikuwa katika siku ya kumi na tisa ya kazi yake. Ndani ya tangi la kioo, ghorofa ya nne ya Hospitali ya Mji wa Juu jijini Mwanza, sindano mia tatu nyembamba kuliko unywele zilipanda na kushuka, kila moja ikiweka seli hai mahali pake, tabaka juu ya tabaka. Kitu cha rangi ya kahawia, kikubwa kama nanasi, kilikuwa kikipata umbo la ini la binadamu. Lilikuwa ini la Doto Luhende, binti wa miaka ishirini na sita, na lilifumwa kwa seli zake mwenyewe ili mwili wake ulipokee bila ugomvi. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Watu walipanda hadi ghorofa ya nne kukitazama kifumaini kama wanavyokwenda kumtazama mtoto mchanga. Hakuna aliyeshuka kutazama chumba cha chini kabisa, chenye baridi na kabati moja la chuma linalonguruma. Humo ndimo ilimokaa hifadhidata ya hospitali. Kifumaini kilikuwa hodari wa mikono, lakini chenyewe hakikujua kinamfumia nani. Kila dakika kumi kiliunganika na hifadhidata, kikasoma mstari wa Doto kwenye jedwali la wagonjwa, kikaona neno "hai", kikaandika kipimo kipya kwenye mstari huohuo, kisha kikaendelea. Kikikuta neno "marehemu", au kikishindwa kuandika kipimo, kiliosha tangi lote papo hapo. Sheria ya mji ilikuwa hivyo: seli za mtu asiyekuwepo haziruhusiwi kukua.

Mtunza hifadhidata aliitwa Sumbuko Ndaki, na alikuwa na wiki tatu kazini. Kabla ya hapo alikuwa fundi majokofu wa hospitali hiyohiyo kwa miaka kumi na minane. Mtunzaji wa zamani alipopata ajira kwenye kituo cha mwezini na kuondoka na begi moja, wakubwa walikaa kikao wakaona kwamba mtu aliyelipoza kabati lile miaka yote hiyo bila shaka analielewa. Ni sawa na kumpa dereva kisu cha upasuaji kwa sababu amezoea kumpeleka daktari kazini. Sumbuko alikubali kwa sababu alikuwa na miaka arobaini na sita na magoti yake yalikuwa yamechoka kupanda ngazi.

Siku ya kwanza hakuweza hata kuingia. Aliandika, kioo cha mtambo kikamkatalia. Akaandika tena, kikamkatalia tena. Alikuwa tayari ameushika waya wa umeme, kwa kuwa jokofu likigoma huzimwa likawashwa, alipokumbuka kwamba kuna Mjibizi.

Mjibizi ulikuwa mtambo wa maswali. Akili unde za siku hizo ziliweza kutunga chochote, na ndiyo maana zilikatazwa kutunga majibu kuhusu kumbukumbu za wagonjwa. Mjibizi uliruhusiwa kufanya jambo moja tu: kutafuta jibu ambalo binadamu aliwahi kuliandika, na kulisoma lilivyo.

Sumbuko aliuliza, "Hifadhidata imekufa. Nifanyeje?"

Mjibizi ulisoma: "Haijakufa. Watu wapya wote hudhani imekufa. Usizime kitu. Ili uunganike unahitaji mambo manne: anwani ya mtambo, namba ya mlango wake, jina lako na nywila yako. Likikosewa moja tu, unakataliwa. Ona kosa limeandikwaje. Likisema hakuna anayeitika, kosa ni anwani au mlango. Likisema hukuruhusiwa, kosa ni jina au nywila. Na usione aibu, hata mimi nilikaa nje ya mlango siku nzima kwa ajili ya herufi moja kubwa."

Kosa lilisema hakuruhusiwa. Sumbuko aliitazama nywila yake, akaiona herufi, akacheka peke yake.

Tangu hapo aliuliza kila kitu, na kila mara jibu lilikuja na sauti ileile ya mtu mwenye subira na utani kidogo. Jedwali ni nini? Kwa nini habari za mgonjwa zisiwekwe zote mahali pamoja? Ufunguo ni nini, na kwa nini kila mgonjwa apewe namba wakati ana jina lake alilopewa na wazazi? Hilo la mwisho alilielewa upesi. Katika jedwali la wagonjwa walikuwemo akina Kulwa elfu nne mia moja na kumi na sita, na akina Doto karibu idadi hiyohiyo, maana huku kwetu pacha hawatafutiwi majina, yanawasubiri tayari. "Usimtafute mtu kwa jina," ndivyo alivyomwambia kila aliyepita pale, kwa maringo ya mtu aliyejua jambo hilo juzi.

Jibu moja lilimshangaza kwa ukali wake. Alikuwa ameuliza namna ya kubadilisha habari. "Kabla hujabadilisha chochote, andika ANZA," Mjibizi ulisoma. "Hapo unakuwa umefungua muamala. Utakachobadilisha utakiona wewe peke yako mpaka uandike THIBITISHA. Ukiona umekosea, andika RUDISHA, na itakuwa kama hukugusa kitu. Fanya hivi hata kama unabadilisha mstari mmoja. Hasa kama ni mmoja." Sumbuko aliliandika neno ANZA kwenye karatasi, akalibandika juu ya kioo kwa gundi ya mabomba.

Siku hiyo ya kumi na tisa, karibu saa sita mchana, Dakta Wande Malale alishuka mwenyewe hadi chumba cha baridi. Ndiye aliyekuwa akimtibu Doto.

"Fundi, pole na kazi."

"Ahsante, daktari. Karibu. Kuna baridi huku, jifunike."

"Sikai. Kulwa hatunaye. Amefariki jana asubuhi."

Sumbuko alivua kofia yake. Hospitali nzima ilimjua Kulwa, pacha wake Doto. Ugonjwa uliwashika wote wawili, kifumaini kilikuwa kimoja, na zamu ya kwanza ilikuwa ya Kulwa. Yeye ndiye aliyesema aanze ndugu yake.

"Pole sana, daktari. Na Doto?"

"Ameambiwa. Hajafungua mdomo tangu jana." Dakta Wande alimpa karatasi ya wodi. "Sheria inataka Kulwa aandikwe marehemu leo. Naomba ulifanye wewe, taratibu."

Alipoondoka, Sumbuko alikaa. Karatasi ilikuwa na jina la Kulwa, la baba yake, tarehe ya kuzaliwa na wodi. Namba ya mgonjwa haikuwepo. Ilikuwa kwenye bangili, na bangili ilikuwa imekwenda na mwili. Angeweza kupiga simu chumba cha maiti kuiomba, lakini hakutaka kuwasumbua watu kwa jambo alilodhani analiweza. Hakutumia jina, maana alijua akina Kulwa walivyo wengi. Aliandika ANZA, kisha akaandika amri kwa masharti matatu, moja baada ya jingine, akijisifu moyoni kwa umakini wake: ambaye baba yake ni Luhende Gamaya, ambaye amezaliwa tarehe hii, ambaye yuko wodi ya saba, hali yake iwe marehemu.

Kioo kilijibu: Mistari iliyobadilika: 2.

Alisoma mara tatu. Mbili? Kisha akaelewa. Baba mmoja, siku moja, wodi moja. Alikuwa ameepa majina yote ya pacha duniani, halafu akaandika masharti ambayo pacha wote wawili wanayatimiza.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na dakika hamsini na saba. Kifumaini kingeunganika saa sita kamili. Alikumbuka pia jambo jingine alilowahi kujibiwa: mstari ulioguswa na muamala hufungwa, mwingine hawezi kuuandika mpaka muamala uishe. Kwa hiyo asingeweza kukaa tu akifikiri. Muamala ukiwa wazi, kifumaini kingeshindwa kuandika na kingeosha. Akithibitisha, kingesoma "marehemu" na kingeosha. Wazo likamjia: athibitishe haraka, kisha amrudishe Doto kuwa hai kwa amri nyingine. Dakika tatu zilitosha. Alikwisha andika THIBI.

Mkono ulikataa. Aliugeukia Mjibizi. "Nimebadilisha mistari miwili badala ya mmoja! Nithibitishe halafu nirekebishe?"

"Hapana," Mjibizi ulisoma. "Toa mkono kwenye kioo. Kama ulianza na ANZA, hujaharibu kitu, hakuna aliyeona isipokuwa wewe. Najua unachofikiri: thibitisha, kisha urekebishe upesi kabla mtu hajajua. Usifanye. Kuna mtambo unaosoma upesi kuliko wewe. Andika RUDISHA. Kisha tafuta namba ya mtu wako, hata kama ni kwa kusumbua watu. Hapa niamini."

Sumbuko alifuta herufi zile tano. Akaandika RUDISHA.

Muamala umerudishwa. Mistari iliyobadilika: 0.

Saa sita kamili kabati lilinguruma. Kwenye kioo ulipita mstari mmoja: Doto Luhende, hai, kipimo kimeandikwa. Sumbuko aliinamisha kichwa juu ya meza akalia, mtu mzima na mvi zake, na wala hakujali kama kuna anayepita. Baadaye alipiga simu chumba cha maiti, akaomba radhi, akasomewa namba ya bangili. ANZA. Mstari mmoja. THIBITISHA. Akasema, "Pumzika, Kulwa," kwa sababu aliona haifai kumfunga mtu kwa amri tupu.

Mchana ule alikaa na jibu lile mbele yake. Lilikuwa limemshika mkono, na alitaka kujua ni mkono wa nani. Chini yake palikuwa na namba tu ya mwandishi: 7. Majina ya waandishi yalikuwa kwenye jedwali lingine. Kwa mara ya kwanza Sumbuko aliunganisha majedwali mawili bila kumuuliza mtu, la majibu na la waandishi, kwa ile namba iliyokuwa katika yote mawili. Hapo ndipo alipoona uzuri wa kazi hiyo, kwamba namba kavu upande huu inakuwa mtu upande wa pili. Mtu huyo alikuwa Milembe Nkwabi, wa Magu. Majibu elfu kumi na moja mia mbili na manne, katika miaka thelathini na mmoja. Palikuwa pia na safu ya mrejesho, ambapo aliyejibiwa angeweza kuandika kama jibu lilimsaidia. Ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini.

Alitaka kuandika ahsante pale, akaona haitoshi.

Wiki tisa baadaye treni ya juu iliwashusha watu wawili Magu. Nyumba ya Milembe Nkwabi ilijulikana haraka, maana mwanamke yule alikuwa ameanika michembe, vipande vya viazi vitamu, juu ya paneli zake za jua, na roboti ya shirika la umeme ilikuwa uani ikimbembeleza aitoe.

"Mwambie aliyekutuma kwamba jua ni la wote," alikuwa akiiambia. Alikuwa na miaka sitini hivi, mwembamba, na miwani mizito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyie nao mmetumwa na shirika?"

"Hapana, mama. Mimi ni Sumbuko, natunza hifadhidata pale Mji wa Juu. Nimekuja kukushukuru. Umenijibu maswali tangu siku ya kwanza, hata lile la nywila."

"Herufi kubwa?" Alicheka. "Wote ni herufi kubwa." Kisha alimtazama vizuri, na kicheko kikaisha. "Na hilo lililokutoa Mwanza mpaka huku ni lipi?"

"Mistari miwili."

Milembe alikaa kwenye ngazi ya mlango. Roboti iliondoka bila kuagwa.

"Lile ndilo nililoandika la kwanza kabisa," alisema. "Kabla ya hilo sikuwa najibu watu. Nilikuwa mtunzaji, kijana, mwepesi wa vidole. Niliandika sharti moja tu, tarehe. Ikaja mistari mitatu. Sikuwa nimeanza na ANZA, lakini nilijiambia nitarekebisha sasa hivi. Nilirekebisha kwa sekunde arobaini. Mtambo ulikuwa umekwisha osha. Aliitwa Ngolo Sayi. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na alikuwa akisubiri figo." Alivua miwani. "Walisema ni ajali, hawakunifukuza. Ningefurahi wangenifukuza. Basi nikawa kila asubuhi najibu mtu mmoja mpya asiyejua kitu, ili asije akawa mimi. Watu huuliza, wakijibiwa wanakwenda zao. Miaka yote hii sijui hata mara moja kama ilimfaa mtu."

Sumbuko alikuwa amejiandalia maneno ndani ya treni. Aliyaacha. Alisogea pembeni, ili aliyekuwa nyuma yake aonekane: binti aliyevaa gauni pana, amekonda, macho yake meupe safi, hayana manjano tena.

"Shikamoo, mama," binti alisema. "Naitwa Doto. Nimewekewa ini jipya. Mimi ndiye ule mstari wa pili."

Milembe Nkwabi alinyanyuka. Alimshika mikono yote miwili, akamtazama usoni, akamtazama tena, machozi yakimwagika bila kuyafuta. Kisha akauliza.

"Mwanangu, hilo ini jipya, daktari anakuruhusu kula nini?"